Kufunga na Kufungwa

Askari alikuwa na kisu kidogo, cha aina ile ya kumenyea machungwa. Mbele yake, juu ya meza iliyotandikwa gazeti, palikuwa na beseni la tende tulizowaletea wafungwa kwa ajili ya futari, naye alikuwa akizipasua moja moja. Anaichukua tende, anaichana ubavuni, anaibinya, anaitazama kokwa yake, anaitupia kwenye beseni la pili. Uji wa pilipili manga alishaukoroga kwa ufito mpaka chini ya ndoo. Sambusa alizikata katikati. Miche ya sabuni aliigawanya vipande kama muhogo wa kuchemsha. Jua lilikwishainama, tukaanza kuhofia kwamba adhana itatukuta getini.

Mzee wa msikiti aliyetuongoza akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, zote?"

"Zote, mzee wangu," askari akajibu bila kuinua macho. "Mwaka jana kwenye tende kama hizi nilitoa kete."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mvuvi anayekueleza kwa nini hatupi nyavu upande fulani wa mwamba.

Kete ni komwe ya kuchezea bao, hilo kila mtu analijua. Vijana wa maskani wameliazima jina hilo wakakipa kipakiti cha nailoni chenye heroini ya kutosha kuvuta au kujidunga mara moja. Ni kitu kidogo, hujaa vizuri mahali pa kokwa. Kuna mtu aliketi mahali, akatoa kokwa kwenye tende, akaweka kete, akalibana tunda likarudi umbo lake, akalipeleka gerezani katika mwezi wa Ramadhani. Tangu siku ile tende hiyo, ambayo sikuiona kwa macho, haijanitoka kichwani.

Kiswahili kina kitenzi kimoja chenye kazi nyingi. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga ndoa, tunafunga goli, tunafunga safari. Tunafunga Ramadhani. Na mtu akipatikana na hatia, hakimu anamfunga. Mle ndani jioni ile walikuwamo watu waliofungwa ambao pia walikuwa wamefunga, na kati ya hali hizo mbili pana sauti moja tu, ile *w* ya kutendwa. Aliyefunga ametia nia mwenyewe. Aliyefungwa ametiwa ndani na wengine. Hali zote mbili humkosesha mtu chakula anachokitaka, mwenzi wake na starehe zake, na zote zina muda wake. Ila mmoja humaliza siku akiwa na uso mkunjufu, na mwingine humaliza siku akiiondoa kwenye hesabu. Swali langu ni la kitoto kidogo: mtu aliyefungwa kwa sababu ya unga, yaani heroini, au aliyeukuta unga humo humo alimofungwa, anavukaje kutoka kufungwa hadi kufunga?

Tuanze na yaliyo wazi. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu inakadiria kwamba takriban mfungwa mmoja katika kila watano duniani yuko ndani kwa kosa la dawa za kulevya, na kwamba karibu mmoja katika kila watatu amewahi kuzitumia akiwa gerezani. Kwa hiyo wanaodhani ukuta ndio tiba wanazungumzia ukuta ambao haujajengwa. Mwezi wa Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi mashariki ya Mombasa. Huo ni mzigo wa jahazi moja. Bahari nzima ina wanamaji na mitambo yao. Geti lina askari mwenye kisu cha machungwa. Kete hupita ndani ya soli za kandambili, hupita kwenye mpira unaorushwa juu ya ukuta, hupita tumboni mwa mahabusu anayerudishwa kutoka mahakamani kwa karandinga, na mara nyingine hupita mfukoni mwa yule anayelipwa mshahara ili isipite. Ikishaingia, bei yake hupanda. Hulipwa kwa sigara, kwa sabuni, kwa mgao wa chakula, au kwa fedha zinazotumwa kwa simu na ndugu walioambiwa ni za dawa ya kifua. Sindano huwa adimu kuliko unga wenyewe, kwa hiyo moja huzunguka mikono mingi ikibeba VVU na virusi vya homa ya ini.

Hayo ni ya ndani. Nje, mambo hayaanzi kwa hakimu. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo anayeuza mahamri, alikwenda kituoni kwa miguu yake kumshtaki mwanawe wa kumzaa. Kijana alikwishauza mtungi wa gesi, akauza feni, akauza vikombe vya harusi ya mamake, na mwisho akauza karai la kukaangia mahamri, yaani riziki yenyewe. Siku alipohukumiwa miezi kumi na minane nilikwenda kumpa mama pole.

"Usinipe pole, mwanangu," akaniambia. "Leo nitalala."

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na sijui nyumba yoyote iliyoula msemo huo kama nyumba yenye mraibu. Sina ubavu wa kumlaumu yule mama. Huku kwetu gereza limekuwa hospitali ya wasio na hospitali: pahala pa kumpeleka mtoto ili wewe upate usingizi na yeye apate kupumzika na unga. Mama aliamini kwamba miezi kumi na minane ya ukuta itamfanyia mwanawe kazi ambayo kijana mwenyewe ameshindwa kuifanya. Imani hiyo ndiyo hiyohiyo ya dola, ila mama ana kisingizio cha uchovu.

Na imani hiyo ni ya zamani. Wapo wataalamu wanaolinasibisha neno letu *gereza* na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, kwa kuwa Wareno walijenga ngome zao za pwani zikiwa na kanisa ndani. Iwapo nasaba hiyo ni sahihi, basi jina limebeba ndoto ambayo hata leo haijafa: kwamba mtu akiachwa na kuta nne na nafsi yake, atatubu. Siku hizi tunaiita urekebishaji. Nani hurekebisha nani, na kwa zana gani, hapo ndipo sauti hupungua.

Nilikuja kuelewa kosa la ndoto hiyo kwa kauli ya mtu mmoja. Alikuwa anakaa katika nyumba ya upataji nafuu, zile ambazo vijana huziita soba, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, aliyefungwa mara tatu. Tuliketi kwenye mkeka yeye akichambua mchele wa mchana. Nikamwuliza, kwa ujinga wangu, ilikuwaje akae gerezani miezi mitano bila kugusa unga kisha arudie siku ya kutoka.

"Kule ndani sikuacha, mwalimu," akasema. "Kule nilinyimwa."

Akatupa kijiwe alichokitoa kwenye mchele, akaendelea. Kwamba alinenepa. Kwamba mamake alipokuja kumtembelea alilia kwa furaha. Kwamba siku ya kutoka hakuwa na hamu yoyote, alikuwa na nauli mkononi na mpango wa kwenda kwa dada yake. Aliposhuka stendi akanusa moshi wa karatasi ya sigara inayoungua pamoja na unga, upande wa nyuma ya choo. "Hata sikuwaza. Miguu ndiyo iliyowaza."

Kuacha na kunyimwa. Mwenye njaa kwa sababu jiko limezimika na mwenye njaa kwa sababu amefunga, wote tumbo linanguruma. Daktari akiwapima damu atapata jibu moja. Tofauti yao haiko tumboni. Fiqhi inatuambia iko wapi: saumu bila nia ni njaa tu. Mfungwa aliyekaa miezi mitano bila unga kwa sababu unga haukupatikana amekaa na njaa ndefu. Ndiyo maana siku mlango ulipofunguliwa alifanya anachofanya kila mwenye njaa akikiona chakula.

Hapa msomaji makini ataniuliza swali ambalo nimejiuliza mwenyewe. Unamwambia mraibu aweke nia, na nia ndiyo kiungo chake kilichovunjika? Ni kama kumwambia aliyevunjika mguu atembee ili upone. Swali ni la haki. Wenye kuijua arosto, yale mateso ya mwili ulionyimwa unga, watakuambia haisikilizi hoja. Saa chache baada ya dozi ya mwisho kukatika, mtu anaanza kupiga miayo, machozi na makamasi yanamtoka kama mwenye mafua, ngozi inasimama vinyweleo, mifupa inauma kana kwamba inapindwa, tumbo linafunguka, usingizi unahama. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Wengi huzipitia kwenye sakafu ya mahabusu ya polisi, kwa sababu ndizo siku za mwanzo za kukamatwa. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza kuhusu maana ya maisha, atakujibu kwamba maana ya maisha ni kete moja, na kwa saa ile hatakuwa anadanganya.

Angalia basi jinsi saa za hakimu na saa za unga zinavyopishana. Hakimu anahesabu kwa miaka: mitatu, mitano, saba. Unga unahesabu kwa saa: nne, sita, nane. Mwenye kutumikia kifungo anatakiwa aitazame siku moja ya mwaka wa mbali aishi kwa ajili yake, na mwenye arosto hana uwezo wa kuitazama hata magharibi ya leo. Gerezani muda ndio adhabu, na unga, kwa anayeupata, unauza dawa ya muda. Ukishavuta, mchana uliokuwa mrefu kama barabara ya jangwani unakatika. Mfungwa asiye na kazi, asiye na kitabu, asiye na mgeni, aliyelala ubavu kwa sababu hakuna nafasi ya kulala chali, anapewa kitu kinachofuta saa sita. Sisi tulio nje tunaoua jioni nzima kwa kutelezesha kidole kwenye simu tusijifanye hatuelewi biashara hiyo.

Lakini rudi kwenye fiqhi, kwa sababu ina jibu la pili ambalo sikulitarajia. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, nia ya saumu ya faradhi huwekwa usiku, kabla ya alfajiri. Yaani huwekwa wakati mtu ameshiba. Hakuna anayetakiwa kutia nia saa kumi jioni ulimi ukiwa mkavu. Saa hiyo anaishi kwa nia aliyoiweka tumbo likiwa limetulia. Na mgonjwa haambiwi afunge: hula, akipona hulipa. Nia inahitaji utulivu kwanza. Wazee walioiweka sheria hiyo mdomoni mwa watoto wa chuoni hawakuwa wakizungumzia heroini, lakini walijua kuhusu nafsi ya binadamu jambo ambalo mifumo yetu ya adhabu haijalijua. Sisi tunamkamata mtu, tunamtia kwenye arosto, kisha katikati ya arosto tunamdai azimio.

Ndiyo maana mimi, ambaye zamani nilikuwa nikiidharau methadoni, nimebadili maoni. Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi; inakaa mwilini muda mrefu, inazuia arosto bila kumpa mnywaji ule ulevi anaoufuata kwenye unga. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwezi wa Februari 2011. Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014 kwa hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi. Baadaye huduma hiyo ilivuka hata kuta za magereza, Segerea kule Dar es Salaam na Shimo la Tewa kule Mombasa. Wapinzani wake husema ni kumtoa mtu kwenye kifungo kimoja na kumtia kwenye kingine, maana atalazimika kunywa kila siku, pengine kwa miaka. Ni kweli, atafungika. Lakini nionyeshe binadamu asiyefungwa na kitu. Aliyeoa tunasema kafunga ndoa, na hatumwonei huruma. Methadoni haimpi mtu uhuru. Inampa saa ishirini na nne. Aliyekuwa akiishi kwa vipande vya saa sita anarudishiwa siku nzima yenye asubuhi na magharibi, na ndani ya siku hiyo kuna usiku uliotulia ambamo nia inaweza kuwekwa. Akiweka au asiweke, hilo ni lake. Sasa lakini ana mahali pa kuiweka.

Na huduma hiyo ikikatwa, yote huporomoka. Mtu aliyekuwa akinywa dawa yake kila asubuhi akikamatwa Ijumaa jioni kwa msako wa kijiweni, Jumapili yuko kwenye arosto ileile aliyohangaika mwaka mzima kuitoka. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 24 kwamba mfungwa apate matibabu ya kiwango kilekile anachopata mtu aliye nje, na kwamba tiba isikatike, nao utegemezi wa dawa za kulevya umetajwa humo kwa jina. Mzee aliyepewa heshima ya kanuni hizo alikaa gerezani miaka 27. Alijua maana ya mlango.

Kuna jambo la tatu kuhusu saumu, na hili huonwa na kila aliyekulia kwenye mitaa yetu. Hakuna anayefunga peke yake. Usiku wa manane vijana hupita na ngoma au madebe wakiwaamsha watu wale daku. Mchana mzima mtaa unakusaidia: mikahawa imeshusha mapazia, mwenzako kazini naye ana midomo mikavu, mkeo anakuambia subiri kidogo. Na mbele yako iko magharibi, ambayo unaijua dakika yake, na kuna mtu anayekutengea tende. Toa hayo yote, mwache mtu na nia yake tupu kwenye jangwa, uone itafika saa ngapi. Tunaposema fulani ameshindwa kuacha kwa kukosa msimamo, tunasahau kwamba msimamo wetu wenyewe umeegemezwa kwa ngoma za watu wengine.

Pwani imewahi kumpata mfungwa mmoja aliyeonyesha kufungwa kunavyoweza kugeuzwa kufunga. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa kijikaratasi cha siasa alichokiandika, akatoka 1972. Mwaka uliofuata Sauti ya Dhiki ilichapishwa, mashairi ambayo mengi yake aliyaandika kwa siri gerezani kwenye karatasi za chooni. Kesi yake haikuhusu dawa za kulevya, na simleti hapa kama kipimo cha kuwapimia wengine. Namleta kwa sababu ya aina ya tungo alizozichagua. Mtu ambaye dola imemfunga mlango, miguu na kauli, angeweza kuandika ovyo ovyo, karatasi yenyewe ya chooni. Yeye akajifunga tena, kwa hiari, kwa vina na mizani. Ndani ya kifungo alichowekewa akajiwekea kingine alichokishika mwenyewe ufunguo. Karatasi ileile ya chooni, mikononi mwa mwingine, husokotewa unga na bangi ikawa kokteli.

Lakini tuwe waadilifu. Abdilatif aliingia gerezani akiwa na ushairi kifuani, kutoka nyumba ya washairi. Kijana aliyeanza kuvuta akiwa na miaka kumi na minne, aliyeacha shule kabla ya kujua kuandika barua, ameingia na nini? Kumwambia ajifunge kwa vina ni kejeli. Yeye anahitaji mtu wa kumpa chochote cha kushika: randa ya useremala, cherehani, mpira, darasa la kusoma na kuandika, zamu ya kumwagilia mchicha. Nimewahi kumsikia mfungwa wa zamani akisema kitu kilichomfikisha mwisho wa kifungo chake ni paka wa jikoni ambaye alikuwa akimwekea mifupa ya dagaa. Usicheke. Yule paka alikuwa magharibi yake.

Hata maneno yetu yana zamu yao ya kufunga na kufungua. Mtu mwenye uraibu tunamwita teja. Likilinganishwa na *mteja*, neno hilo linasikika kama mtu aliyenyolewa kiambishi chake, ile *m* inayomwingiza kwenye ngeli ya mtu, mwalimu, mgeni na mzazi. Akiwa mmoja ni teja, wakiwa wengi ni mateja, wamewekwa pamoja na majambazi na majizi, na kwa masikio yangu hata pamoja na mawe na magunia. Mfungwa angalau ameachiwa *m* yake. Hata hivyo sarufi, ambayo haina chuki, inakataa kutufuata hadi mwisho. Hakuna Mswahili anayesema mateja yamelala. Tunasema mateja wamelala. Tumewavua nguo kwenye jina, kitenzi kikawavisha. Sina hakika kama kubadili neno kutamponya mtu, lakini najua ni vigumu kumsubiri getini mtu uliyemwondoa kwenye ngeli.

Na kwenye geti ndipo ninapotaka kumalizia, kwa sababu kitenzi chetu kina kinyume chake. Aliyefunga hufungua. Aliyefungwa hufunguliwa. Kila mama wa pwani anajua namna ya kumfungulisha mtu: tende kwanza, maji, uji, baadaye sana ndiyo chakula kizito. Mwili uliokuwa mtupu haupokei kwa mara moja kile ulichokuwa ukikipokea zamani. Kanuni hiyohiyo ikivunjwa na mfungwa aliyetoka, hufa. Aliyekaa miezi bila unga mwili wake umesahau kuustahimili. Akirudia kete ileile aliyoizoea kabla ya kufungwa, pumzi inapungua, inapungua, inakatika. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia watu 30,237 waliotoka magereza ya jimbo la Washington kati ya 1999 na 2003, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129. Wiki mbili. Ndizo siku tunazopiga vigelegele kwamba amerudi.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani unaoelekea upande wa pili. Mwanasosholojia Lee Robins aliwafuatilia askari waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikiri kwamba alikuwa mraibu kule vitani, na wengi walihofia kwamba nchi itafurika waraibu. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, waliorudia uraibu walikuwa kama watano tu katika kila mia ya waliokuwa waraibu. Sababu zake ni nyingi na wataalamu wanabishana, lakini moja inaeleweka hata bila shule: unga wao waliuacha Vietnam. Walirudi kwenye nyumba, kazi na watu ambao hawakufanana na mahali walipokuwa wakiutumia. Mfungwa wetu safari yake ni kinyume. Anatolewa kwenye ukuta anarudishwa stendi ileile, nyuma ya choo kilekile, mkononi akiwa na nauli tu. Vietnam yake iko nyumbani.

Jioni ile askari alimaliza kupasua tende dakika chache kabla ya adhana. Hakukuta kitu. Beseni likaingizwa ndani, nasi tukaruhusiwa kukaa uani. Wafungwa walijipanga, kila mmoja akapewa tende tatu zilizochanika, na mmoja wao, kijana mwembamba mwenye makovu ya sindano mkononi, akaigeuza tende yake akautazama ule mpasuo, akatabasamu kwa kujua. Kisha akasubiri. Ilikuwa mkononi mwake, hakuna askari aliyemzuia, na hakuila mpaka muadhini alipoanza. Labda zilikuwa dakika tatu. Kwa dakika hizo tatu mtu yule alikuwa amefunga, hakuwa amefungwa.

Magereza yetu hufungua watu asubuhi. Ikiwa unamjua anayetoka wiki hii, usimtumie nauli kwa simu. Kamsubiri getini, mpeleke kliniki kabla ya stendi, na wiki mbili za kwanza usimwache alale peke yake.